Kondo na Kondoo

Daktari wa mifugo, Bi. Hesketh, kanipigia:
usiingie bandani, usipakate mwanakondoo,
nguo za mumeo usizifue.
Akauliza mimba ni ya miezi mingapi.
Sita, nikasema.
Akanyamaza kidogo, kisha akayarudia yote upya.

Basi Machi hii ni mimi na dirisha.
Theluji imebaki kivulini mwa kuta za mawe,
na taa ya banda inakesha
kama nyumba yenye msiba, au yenye harusi;
kwa mbali huwezi kujua.

Kondoo wanne wametupa mimba tangu Jumapili.
Baba mkwe, Wilf, kawatenga nyuma ya lango,
kawapaka rangi nyekundu mgongoni,
majani waliyolalia kayachoma.
Kondo la nyuma la yule wa mwisho likatiwa mfukoni,
likapelekwa maabara, Penrith.
Twangoja jina la kijidudu.

Kondo, kondoo: sauti moja ndiyo ukuta kati yao.
Na kondo ya kale ni vita.
Nimelisema neno peke yangu jikoni, polepole,
mkono juu ya tumbo.

Kando ya jiko kuna boksi
ambamo kila mwaka hulala yatima wa zizini, wakinyonya chupa.
Mwaka huu lina vitunguu.

Saa tisa usiku Ross anarudi.
Anavua vyote barazani, kwenye baridi ile,
anazitosa nguo kwenye ndoo ya dawa,
anajisugua hadi viwikoni, mara mbili,
kisha ananionyesha viganja kwenye kioo
kama mtu aliyekamatwa.
Mapacha, inasema midomo yake. Wazima.
Analala chumba cha wageni.

Nami nampigia mama, Mbulu; kule kumeshakucha.
Mama, uliwahi kuzalisha mbuzi ukiwa na mimba?
Akacheka. Na nani mwingine angewazalisha?
Mkono mzima ndani, mpaka hapa,
akasema, kana kwamba namwona.
Alibeba mimba saba. Sisi tuko watano.
Hao wawili tuliambiwa ni Mungu,
na hatukuuliza tena.

Mbona waniuliza, mwanangu?
Nikasema, hamna.
Nikasema, huku mvua inanyesha,
na kweli, ilikuwa inanyesha.