Kuonja Kiganjani

Kompyuta ya duka langu, barabara ya kumi na nne, Ngamiani,
ilianza kuringa mwezi wa Shaabani.
Mteja kasimama na cheti cha kuzaliwa mkononi,
yenyewe inasema: najisasisha, usinizime,
asilimia thelathini, asilimia thelathini,
mpaka mteja akavuka kwa jirani.

Na wala haikuwa halali. Nilijua.
Kila asubuhi iliniandikia pembeni, kwa herufi za kijivu,
kwamba nakala hii ni ya wizi,
nami nikaifunika kwa stika ya bei za lamineshani.

Shekigenda, fundi simu wa Makorora, akasema:
"Hamia Linaksi, shangazi. Bure, tena halali."
"Nipe hiyo," maana nilidhani ni moja.
Akaanza kutaja: Ubuntu, Minti, Debiani, Fedora...
akataja hadi chai ikaota utando.

Wiki mbili niliyazunguka majina
kama mnunuzi wa khanga asiye na haraka:
pamba ni ile ile,
ila hii ina neno la fumbo, ile ina pindo pana.
Usiku nachagua, asubuhi naghairi.
Mama, anapepeta mchele chumba cha nyuma,
hakujua tunazungumza nini, akasema tu:
"Mchagua nazi hupata koroma."

Basi nikachukua Minti.
Kwa sababu gani? Nanaa.
Jina lilinukia chai ya marehemu baba.
Usiniulize zaidi.

"Usifute kitu," Shekigenda akachomeka flashi. "Onja kwanza."
Ikawaka bila kuigusa ile ya zamani,
tone la mchuzi kiganjani kabla ya kupakua.
Nikaramba. Chumvi imekolea.

Kuifunga printa nilikuwa peke yangu, mlango nimeurudishia,
mbele ya kile kidirisha cheusi.
Kikaomba nywila. Nikaandika: si nukta, si nyota.
Nikaandika tena, kwa nguvu,
kama anayebisha hodi nyumba ya viziwi.
Kumbe kinasikia. Hakipendi tu kurudia siri ya mtu.

Printa ilikubali Alhamisi. Skana bado tunanuniana.
Barua ya kwanza, ya kijana anayeomba kazi Pongwe,
ilitoka na mstari mmoja umerukia ukurasa wa pili:
"Wako mtiifu,"
peke yake, kwenye weupe wote ule.
Nikamchapia upya, sikumtoza.
Yale maneno mawili nimeyakata kwa mkasi,
nimeyabandika pembeni mwa kioo,
pale palipokuwa na stika.