Tatu, Alisema

Saa tisa kasorobo usiku, Invercargill,
mvua ya kusini inapiga dirisha kwa ubavu,
na Alec Dunbar, mkata manyoya ya kondoo, miaka sabini na mmoja,
ameketi akiubeba mkono wake wa kulia
kama mtu aliyeachiwa mtoto wa jirani.

"Kutoka sifuri mpaka kumi," anauliza Ngaire,
"maumivu yako ni ngapi?"

"Tatu," anasema.

Tatu.
Jasho limemtiririka hadi kwenye kola.
Kifundo cha mkono kimepinda pale ambapo Mungu hakuweka kona.
Kondoo dume alimbana langoni tangu saa kumi na mbili jioni;
yeye akamaliza kwanza kuwalisha mbwa,
akaendesha gari kilomita sabini,
kila akibadili gia akiushika usukani kwa magoti.

Daktari yuko chumba cha pili:
vijana watatu, na gari lililokumbatia nguzo.
Hatatoka upesi.

Ngaire anaukumbuka mwaka wake wa kwanza wa kazi,
mama mmoja, mawe kwenye nyongo,
akiuma ncha ya skafu saa mbili nzima
huku dawa iko kabatini, hatua kumi na nne, alizihesabu,
na kalamu ya kutia sahihi iko mfukoni mwa mtu mwingine.
Alichokuwa nacho ni pole.
Aliitoa pole ile mpaka ikamchakaa mdomoni.

Siku hizi pana waraka wenye mihuri,
na ufunguo uko kiunoni mwake.
Anamwita Leejamol, maana kabati hili halifunguliwi kwa macho mawili.
Wanahesabu kwa sauti ya chini, kama wanaogawana urithi:
kumi na moja. Moja inatoka. Kumi.
Jina. Tarehe ya kuzaliwa. Una mzio wa kitu chochote?
"Wa hospitali tu," anajibu mzee, meno yakigongana.

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake,
ndivyo tusemavyo.
Lakini yupo mtu ambaye kazi yake ni kuinama,
kuinua shuka, kuamini kwamba kunguni wapo
hata mwenye kitanda akiapa hajaumwa.

Sindano inaingia polepole.
Haondoki kwenda kujaza fomu.
Anahesabu pumzi, anatazama kidole chenye taa nyekundu,
anafunga banzi, anaweka mto chini ya kiwiko.
Dakika ya nne mabega yanashuka;
mwenyewe hakujua alikuwa ameyapandisha hadi masikioni.
Dakika ya saba anageukia dirisha.
"Kumbe kunanyesha," anasema.

"Sasa ngapi?"

Anafikiri. Anamtazama usoni kwa mara ya kwanza.
"Sasa ndiyo tatu."
Kisha, kwa aibu ya mtu anayerudisha kitu alichokificha:
"Ile ya mwanzo ilikuwa tisa."

Anaziandika zote mbili,
tisa, kisha tatu, na saa ya kila moja.
Picha ya mfupa bado. Daktari bado.
Mlango unafunguka, upepo unaingia na msichana
aliyeshika taya, anayetikisa kichwa kabla hajaulizwa:
si kitu, si kitu.

Ngaire anavuta kiti.