Daftari la Pampu, Ibra

Nilifika kutoka Wete na cheti cha taipu.
Wakanipa meza katika ofisi ya umeme
iliyokuwa juzi tu stoo ya tende;
karatasi bado zilinatanata.

Mwaka ule kila kitu kilikuwa cha kwanza:
taa ya kwanza, lami ya kwanza,
ajali ya kwanza juu ya lami ya kwanza,
deni la kwanza.

Muhanna bin Sleyum aligawa zamu za mfereji wa falaji.
Mchana kwa kijiti na kivuli chake, usiku kwa nyota,
nusu saa kwako, nusu saa kwa jirani,
wala hakuna aliyedai risiti.

Zikaja pampu.
Mwenye nayo alimwagilia hata uchochoro.
Mitende ikanenepa miaka miwili,
kisha falaji ikajiondokea
kama mgeni atokaye karamuni bila kuaga.

Pampu zile niliziorodhesha mimi.
Arobaini na moja. Nikaipeleka hesabu Maskati
kwa wino mwekundu, chini ya neno Maendeleo,
na nikapongezwa.

Leo Muhanna amesimama mbele ya meza yangu,
kofia mkononi. Anaomba ulinzi
wa kibanda cha jenereta.
Fomu inauliza: *Anajua kusoma saa?*
Nami, kwa aibu, nikamuuliza.

Akatazama nje, kivuli cha nguzo ya umeme mchangani.
"Nne kasorobo."

Saa yangu ilisema kasoro ishirini.
Nikaisogeza mbele,
nikaandika: anajua.