Orodha ya Solfrid

Solfrid, usianze na lile jitabu la ubongo.
Picha zake nzuri, ila litakulaza.
Anza na kijitabu cha jalada la kijani,
rafu ya chini, karibu na bomba la joto:
mtu alikariri silabi zisizo na maana
kisha akahesabu, saa kwa saa,
jinsi zilivyomtoroka.
Utacheka. Halafu utatafuta funguo zako.

Cha pili ni cha mashahidi.
Hicho kisome mchana.
Mwenye macho haambiwi tazama, husema watu;
aambiwe, Solfrid, aambiwe mara mbili.
Hapa hapa Bergen mwanamke aliapa, machozi yanamtoka,
kwamba uso aliouona gatini ni wa kaka yangu Asle.
Hakusema uongo. Hapo ndipo penye somo.
Asle alikaa ndani miezi kumi na minne
kwa kosa la kufanana.

Cha tatu nimesahau jina.
Kina sura ndefu juu ya harufu. Uliza kaunta.

Rudi kwenye cha pili. Ukurasa wa mia na kumi na mbili una doa:
kahawa yangu, asubuhi ya hukumu,
koti limelowa, nimekaa mstari wa mbele,
mvua inagonga vioo vya mahakama.
Mji huu mvua hainyeshi, imehamia.

Juzi nikafungua. Doa ni la wino.
Nikampigia Asle simu.
Akanyamaza kidogo.
Siku ile jua liliwaka, akasema,
na wewe hukuja.

Kirudishe Ijumaa. Kuna wanaokingoja.