Mgeni Asiyeonja

Nimepika harusi kutoka Kibokoni hadi Kisauni,
masufuria ya kupakuliwa kwa sepetu.
Nimewalisha mabwana harusi walioshindwa kumeza kwa woga
na mashangazi waliokuja na chumvi yao mkobani.
Sijarudishiwa sahani kamili hata siku moja.

Ila wewe, bunju wa kimo cha ndimu,
mwenye macho yasiyosikizana:
moja lanitazama mie,
moja latazama kalenda ya duka la saruji.

Leo siku ya tano.

Shekue mpwa wangu alikuacha juu ya friji
akapanda ndege kwenda kulinda mlango wa watu Doha.
Karatasi yake nimeibandika ukutani kwa uji wa ngano:
maji ya chumvi nusu, yabadilishwe Ijumaa,
asipewe mkate, asipewe wali,
na chini kabisa, Shangazi, wewe ndiwe mpishi.
Kana kwamba hilo lamaliza maneno.

Siku ya kwanza uduvi,
nimeuosha mara tatu, nimeuchambua kama mchele.
Ukaja, ukauvuta, ukautema,
ukanigeuzia mkia
kama mkwe aliyeonja mchuzi akajua tui ni la jana.

Siku ya pili ngisi, nimemkata nyuzi nyembamba za kutungia sindano.
Muuza samaki wa mapambo pale Makadara aliniambia,
mchovye kwenye maji ya kitunguu saumu, hamu itamjia.
Nikachovya.
Wewe ukachukua saumu, ukaniachia kitunguu.

Siku ya tatu nikashika kipande kwa kibano cha nyusi,
nikakichezesha mbele yako kionekane hai,
mwanamke mzima, miaka hamsini na sita,
namchezesha ngisi aliyekufa.
Ukaumuka.
Ukaumuka kama hamri lililokutana na mafuta ya moto,
tumbo jeupe, vijimiba nje, kimdomo juu,
nami nikarudi nyuma nikakuomba radhi
kama niliyeingia chumba cha watu bila hodi.

Bi Zuwena wa ghorofa ya juu akachungulia, akacheka:
"Nduguze huyo wameua watu.
Sumu yenyewe waitafutia kitoweo?"

Jana usiku nikampigia Shekue, yuko zamuni.
Akasema, shangazi, mtazame meno.

Nikatazama.
Manne, meupe, yamekaza kama koleo.
Hayaachi kukua, asema,
na asipopata cha kuvunja yatamfunga kinywa.

Basi hukuwa ukiudharau mkono wangu.
Mie umri wangu wote nimelainisha:
nimepaka nyama papai bichi,
nimeloweka kunde tangu magharibi,
sifa yangu mjini ni kwamba hata kizee kibogoyo hushiba kwangu.
Nawe wataka kigumu.

Alfajiri ya leo maji yalipokupwa nikashuka Tudor,
leso nimeifunga kiunoni, tope la mikoko magotini,
nikaokota tondo watatu, wachanga, kama kokwa za ukwaju.
Sikuwaosha kwa ndimu. Sikuwatia chochote.
Nikawadondosha tu.

Jicho la kulia likashuka.
Kisha la kushoto likaiacha kalenda.
Mara ya kwanza yamekubaliana.

Kacha.

Ukatema vigae vya gamba
kama bibi atemaye kokwa za zambarau, ukarudi.
Kacha.

Nikaenda jikoni. Sufuria la harusi ya jana halijaoshwa.
Nikakwangua ukoko, ule mweusi wa pembeni,
nikaja nikakaa kitako mbele yako,
nikautafuna kwa upande wa kushoto,
ndiko yaliko meno.