Kisiwa Chini ya Ngazi

Bi Pili Mwinshehe alinionyesha simu:
baa ya visiwa vya mbali, mianzi, makuti,
vinyago vimekenua meno kama vinadai kodi.
"Nataka hii," akasema. "Hapa."
Hapa palikuwa chini ya ngazi, nyumbani kwake Ipagala,
stoo ya mifagio na ndoo iliyotoboka,
futi saba kwenda ndani, nne na nusu upana,
na dari inashuka kama ng'ombe anayepiga magoti.

Nilipima mara tatu, nikapata majibu matatu.
Nyumba ile haijapata kusikia habari za pembe mraba.
Timazi ikaning'inia, ikanionyesha ukuta umelewa
kabla chupa ya kwanza haijafunguliwa.
Na pale pale nilipotaka rafu,
mita ya LUKU, jicho jekundu,
inalia ti, ti, ti, kifaranga kapotezana na mama.
"Hii haihamishwi," nikasema, "ina wenyewe."
"Basi," akajibu, "kisiwa kimeshapata mkazi."

Kaunta nikaikata mkato wa mundu,
inaanza nene mlangoni, inakonda kwenda ndani
hadi pale ambapo hata paka huinamisha kichwa.
Stuli mbili, ndefu na fupi.
Ya tatu haikuenea. Nikaleta kigoda cha kukamulia
kutoka kwetu Mvumi, nikakipiga msasa,
harufu ya maziwa ikagoma kutoka.
Mrefu akae nje, mfupi apenye ndani:
humu ngazi ndiyo inayopanga wageni, cheo baadaye.

Mianzi ilishuka na lori la Iringa, bado inanuka ulanzi.
Makuti yakapanda basi kutoka Bagamoyo,
konda akayatoza nauli ya mtu mzima
na risiti akaandika: *abiria mmoja, hana jina*.
Wiki mbili tu, kiangazi cha Dodoma kikayanyonya.
Yakaanza kupukutika.
Kila asubuhi nikayanyunyizia maji,
mimi, seremala,
mtunza bustani ya majani yaliyokufa.

Bi Pili aliletwa huku na wizara,
yeye na makabati kumi na moja ya masijala.
Sikuwahi kumsikia akiitaja bahari.
Siku moja tu, kashika ncha ya utepe upande wa pili,
aliniuliza kama upepo wa hapa
haubadiliki ikifika jioni.
Nikamwambia hubadilika.
Huongezeka.
Akaachia utepe, ukanirudia mkononi kwa kasi.

Kilibaki kinyago.
Mimi Mgogo, miungu ya visiwa vile hatujaamkiana,
nikaona vibaya kuwaibia sura.
Nikatafuta gogo la mkungugu. Patasi ikaruka mara mbili,
ya pili ikachukua kipande cha kidole.
Nikachonga uso ninaoujua:
shangazi Mbeleje siku alipoonja ukwaju mbichi,
jicho moja limefumba, mdomo wazi kabisa.
Nikamtia bawaba kwenye sikio, nikamfunika mita.
Anayetaka umeme apitishe mkono mdomoni.

Jumamosi tukafungua.
Ndahani wa ofisi ya ardhi alijigonga kichwa akiingia,
akajigonga akiomba radhi.
Mvinyo mweupe wa hapa hapa, juisi ya nanasi,
ubuyu kidogo, barafu. Mimi kwenye kigoda.
Ti, ti, ti, akasema shangazi.
Kisha giza.

Bi Pili akanunua umeme kwa simu,
uso wake pekee ndio uliokuwa na mwanga.
Nikapitisha mkono kati ya meno ya mkungugu.
Akanisomea namba ishirini, nne nne, polepole:
"Sita, sifuri, tatu, tatu…"
Nilikosea mara ya kwanza.
Akarudia tangu mwanzo, na Ndahani akawa anaitikia
kila namba kwa sauti ya chini.
Nje, upepo ulikuwa unakwangua mabati.

Taa ilipowaka, tulikuwa tumesogeleana
kuliko nilivyopima.
Jani la kuti lilikuwa linaelea kwenye glasi yake.
Hakulitoa.
Alikunywa kwa kulizunguka.