Saa Nne Usiku, Kamera ya Tatu

Husemwa kuta zina masikio.
Za baba yangu ni viziwi:
mawe ya matale, unene wa mkono mzima.
Babu wa babu aliyapanga kuzuia baridi ya Galisia
wala hakuacha upenyo wa wimbi kupita.

Ruta iko sebuleni, juu ya kabati la vyombo.
Jikoni, hatua saba tu, waifai inahema kama mgonjwa.
Zizini, kimya.

Nilitoka Winterthur na nguo za kubadili mara mbili,
kamera nne,
na nodi tatu nyeupe, kila moja kama bakuli la sukari.
Maana Septemba mtu aliingia uani
akabeba msumeno wa petroli na nusu ya kuni za mwaloni,
na baba alikuwa amelala, au anasema alikuwa amelala.

Siku tatu nilipanda ngazi na kushuka.
Nodi moja kando ya ruta. Moja dirishani jikoni,
ionane na ya tatu ng'ambo ya ua, zizini.
Zinapokezana, nilimweleza,
kama watu na ndoo za maji nyumba inapoungua.
"Na mmoja akiondoka mstarini?"
"Zinatafuta njia nyingine."
"Hapa hakuna njia nyingine," akasema Eladio, baba yangu,
akarudi kumenya viazi.

Kamera zilikuwa za bei poa. Masafa ya juu haziyajui,
zinasikia ya chini tu, gigahezi mbili nukta nne.
Nikayazima ya juu nusu saa
ndipo zikaingia, moja moja, na vitaa vya kijani,
kama mbuzi wanaohesabiwa langoni.
Nywila niliweka Marela,
ng'ombe aliyenipiga teke nikiwa na miaka sita.

Nikarudi kazini. Ya kwanza: lango. Ya pili: kuni.
Ya nne: barabara, na nguruwe pori wakipita kama wenye mji.
Ya tatu, ya zizini, kila saa nne usiku
inakatika.
Saa tano kasoro robo inarudi.

Nikasasisha programu. Nikabadilisha chaneli.
Nikamtuma jirani Obdulia akague waya
asije panya akawa amekata. Panya hakuna, alisema,
na babako amekonda.

Basi Novemba nikakesha nayo, simu mkononi.
Saa nne kasoro dakika mbili mlango unafunguka:
baba, na ndara, na kitu amekikumbatia.
Anakuja. Uso unajaa kioo, kidevu hakijanyolewa.
Anainama chini ya kamera,
na picha inaganda kwenye mgongo wa sweta yake.

"Baba, unachomoa nini?"
Kimya cha Galisia, ambacho nakilipia kwa dakika.
"Soketi hii ni ya redio ya mama yako."

Mama alikamua usiku, redio juu ya ndoo iliyopinduliwa,
akisikiliza bei za ndama,
hali ya hewa, kisha matangazo ya vifo
parokia kwa parokia.
"Ng'ombe wamezoea," akasema baba.
Ng'ombe amebaki mmoja.

Sikupata la kujibu.
Ijumaa Obdulia alishuka gulioni
akanunua soketi ya matundu matatu. Yuro nne.
Nikamrudishia tano, akakasirika.

Sasa ya tatu haikatiki.
Picha ya usiku ni ya kijivu: pembe,
mvuke wa pumzi, wa watu wawili ungedhani,
na baba juu ya ndoo, kofia magotini.
Sauti inafika ikiwa imechelewa kidogo.
Jana walimsoma mwalimu wangu wa hesabu.
Baba aliitazama kamera, kuona kama nimesikia.

Msumeno haujapatikana.
Nazima taa. Simu naiacha wazi mtoni, karibu na sikio,
mpaka msomaji amalize majina.